Lubumbashi: Kutengeneza kaburi la nkambo si kulibomoa

Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi katika Congo nzima. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa, mchana ni ya wale ambao wangali hai. Mjini Lubumbashi, jua halijapanda bado, barabara zinazoelekea makaburini zimekwisha kujaa watu wenye majembe, makupakupa, ndoo za maji na mashada ya maua. Nyasi zinakatwa, takataka zinachomwa, watoto wanaonyeshwa mahali ambapo nkambo wao amelala. Ni desturi nzuri, na hakuna sababu ya kuipunguza hata kidogo.

Lakini pamoja na majembe kuna sauti nyingine inayosikika sasa kwenye makaburi ya zamani: nyundo. Familia zenye uwezo kidogo, au zenye mtoto Ubelgiji, Afrika ya Kusini au Zambia anayetuma pesa, zinafika na fundi masoni. Wanasema wanakuja kutengeneza. Saa tatu baadaye jiwe la mzee limekuwa kifusi, beto mpya inamiminwa, na wiki inayofuata kuna karo nyeupe zinazong'aa kama za chumba cha kuogea. Picha zinapigwa, zinatumwa kwa WhatsApp, na ndugu wa ng'ambo wanajibu kwa furaha kwamba mzee sasa anapumzika vizuri.

Mzee alikuwa anapumzika vizuri hata jana. Kilichopotea ni jiwe lake, na pamoja na jiwe, mambo ambayo hakuna mtu wa familia aliyeyaandika mahali pengine.

Familia moja ya komini ya Kenya imekuwa na ugomvi huu tangu mwezi wa saba, na ugomvi wao unafaa kuelezwa, kwa sababu ni wa familia nyingi. Nkambo wao alitoka Kasai akiwa kijana, akaletwa na waajiri wa Union Minière, akafanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, akafa miaka ya 1940. Wenzake wa kambini walichanga, wakamwekea jiwe. Si jiwe la kitajiri. Ni kibao cha jiwe la kijivu kilichosimamishwa juu ya bamba la beto, herufi zimechongwa kwa mkono, nyingine kubwa nyingine ndogo, na mstari wa mwisho umebanwa kwa sababu mchongaji alikosa nafasi. Jina la ubatizo liko pale, na jina la nyumbani limeandikwa namna karani Mbelgiji alivyolisikia. Chini kuna jina la eneo alikotoka na maneno machache ya Kiswahili.

Mjukuu mmoja aliyeko Ulaya ametuma pesa. Wajukuu wa hapa wamepatana na masoni: kuvunja vyote, kumimina bamba jipya, kuweka karo, na kubandika kibao cheusi chenye picha na jina. Jina lenyewe lingekuwa lile ambalo familia inatumia leo, lenye herufi sahihi, bila jina la ubatizo, kwa sababu watoto wa mzee waliliacha jina la namna hiyo mwaka 1972, wakati serikali ya Mobutu ilipowataka raia wote kuchukua majina ya Kiafrika. Aliyekataa ni shangazi yao, mtoto wa mwisho wa marehemu ambaye bado yuko hai. Sababu yake ni fupi: mtu aliyezikwa pale hakujua jina hilo jipya. Alikufa na lile la kwenye jiwe, na lile la kwenye jiwe ndilo lililokuwa kwenye kitabu chake cha kazi.

Wajukuu wanaona kwamba mama huyu amezeeka na anang'ang'ania vitu. Hapana. Yeye ndiye anayeona vizuri, na inafaa kusema kwa nini.

Lubumbashi ni mji ambao karibu kila mtu ndani yake alitoka mahali pengine, au baba yake alitoka mahali pengine. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika hapa, na Wabelgiji wakaanzisha Elisabethville kwa sababu ya shaba. Watu waliletwa kutoka pande zote: Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Lomami, Kasai, Ruanda-Urundi. Mwanzoni walikuja kwa mkataba mfupi na wengi walikufa kwa magonjwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake, ikawaruhusu wafanyakazi kukaa na wake zao na kuzaa watoto kambini. Hapo ndipo familia nyingi za leo zinaanzia. Balamba na majirani wao walikuwa kwenye ardhi hii kabla ya reli na kabla ya kampuni, na makaburi yao ya vijijini hayana jiwe wala herufi. Hilo nalo lisisahauliwe wakati wa kuhesabu nani alizika wapi kwanza. Lakini kwa watu wa kambi na wa mitaa, kaburi la nkambo ni mara nyingi karatasi ya kwanza ya familia katika mji huu.

Tena si mfano tu. Mtu akitaka kusoma habari za babu yake kwenye makaratasi ya Union Minière, hifadhi ya kampuni hiyo iko Ubelgiji, kwenye Hifadhi ya Taifa mjini Brussels. Anahitaji viza, tikiti ya ndege, na mtu wa kumwonyesha boksi lipi la kufungua. Jiwe liko umbali wa basi moja. Linatoa jina, mwaka, mahali alikotoka, wakati mwingine dini na jina la aliyelipa. Ni nani mwenye akili atapiga nyundo karatasi kama hiyo kwa sababu imepauka?

Wakoloni hawakuacha vitu vingi vilivyoandikwa na watu weusi wenyewe. Mji ulikatwa katikati na eneo tupu lililotenga wazungu na cité, na hata kaburini kila rangi ilikuwa na upande wake. Wazungu waliandika ripoti, takwimu, vitabu. Upande wa cité, mifano ni michache. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa maboi wa wazungu, aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha hapa, na wataalamu wa vyuo vikuu wanaisoma hadi leo kwa sababu ni nadra. Jiwe la kaburi lililochongwa na mfanyakazi kwa ajili ya mwenzake ni la namna hiyo hiyo. Ni fupi, ndiyo, lakini limeandikwa na wao, kwa lugha yao, na makosa yao. Ule mstari wa mwisho uliobanwa ndio unaoonyesha kwamba hakuna kampuni iliyolilipia.

Kuna jambo zito zaidi ambalo watu wa hapa hawapendi kulitaja kwa sauti. Mwaka 1992 na 1993 maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Walilala kwenye vituo vya reli Likasi na Kolwezi wakisubiri treni, na wengine walikufa hapo hapo au njiani. Wengi waliokuwa wakifukuzwa walikuwa wamezaliwa Katanga, na baba zao pia. Waliacha nyumba, waliacha viti vya kanisani, waliacha makaburi. Familia ile ya Kenya iligawanyika wakati huo: nusu wakapanda treni kwenda Mwene-Ditu na hawakurudi, nusu wakafichwa na majirani na wakabaki. Mjukuu anayetuma pesa leo ni wa ile nusu iliyoondoka.

Sasa, fikiria jiwe lenye mwaka wa arobaini na kitu, lenye jina la mzee na jina la eneo la Kasai, likiwa bado limesimama katika udongo wa Lubumbashi. Kila mara siasa inapochemka, na inachemka, maneno yale yale yanarudi: mgeni ni nani, mwenyeji ni nani, nani arudi kwao. Jiwe lile linajibu bila kupaza sauti. Linasema familia hii imezika hapa kabla ya uhuru, kabla ya kujitenga kwa Katanga mwaka 1960, kabla hata mji haujaitwa Lubumbashi. Ukilibomoa na kuweka kibao cheusi cha mwaka huu, chenye jina jipya na bila mahali alikotoka, kaburi linaonekana kuwa la jana. Familia imejifutia ushahidi wake yenyewe, na imelipa masoni kwa kazi hiyo.

Baadhi ya wajukuu walikuwa na wazo jingine ambalo hawakulisema kwenye kikao, lakini kila mtu alilielewa: afadhali jina la Kasai lisionekane sana. Hofu hiyo ina msingi na hakuna wa kuwacheka. Lakini tofauti kati ya kuacha jiwe lilivyo na kuondoa jina kwa makusudi ni kubwa. Anayeliacha hachokozi mtu yeyote. Anayeliondoa amekubaliana na wale waliosema mwaka 1992 kwamba mzee hakuwa na haki ya kulala hapa.

Upande wa kazi yenyewe, makosa yanafanana, na mafundi wengi wanayafanya kwa nia njema. Masoni amefundishwa kujenga nyumba. Anajua simenti, karo na rangi. Akipewa kaburi, atalifanya kama nyumba.

Kosa la kwanza ni asidi na javeli. Madoa meusi na ya kijani yanawachukiza watu, kwa hiyo wanamwaga asidi ya kusafishia choo. Kama jiwe ni marumaru au jiwe la chokaa, linachemka machoni pa watu: yale mapovu ni jiwe lenyewe linaloyeyuka. Linaonekana jeupe kwa miezi michache, halafu uso wake unakuwa mkwaruzo na unashika uchafu haraka kuliko zamani. Javeli nayo inaacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe, na chumvi hiyo inakauka na kuvimba, ikisukuma uso wa jiwe nje kidogo kidogo. Burashi ya chuma ni mbaya vilevile; inakata kingo za herufi, na inaacha vipande vidogo vya chuma ambavyo vinageuka kutu.

Kinachotakiwa ni maji safi, mengi, burashi laini ya nyuzi, na uvumilivu. Sehemu ngumu zinakwanguliwa kwa kijiti cha mti au cha mwanzi, si kwa kisu. Kazi ianzie chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu. Jiwe halitakuwa jipya, wala halipaswi kuwa jipya. Na kama uso wake unatoka unga mtu akiugusa kwa kidole, basi lisioshwe kabisa. Liachwe hivyo mpaka apatikane mtu anayejua.

Kosa la pili ni simenti. Hapa mafundi wanabishana sana, kwa sababu kwao simenti ngumu ni simenti nzuri. Kwa ukuta wa nyumba mpya, sawa. Kwa jiwe la zamani ambalo ni laini, simenti ni ngumu kupita jiwe. Mvua za Katanga zinaanza karibu na Novemba na zinapiga mpaka Machi. Maji yanaingia, na yanatafuta pa kutokea. Kiungo cha chokaa kinapumua, maji yanapita humo, na kama kuna kinachopasuka ni kiungo, ambacho kinatengenezeka. Kiungo cha simenti kinaziba njia, hivyo maji yanatokea kwenye jiwe, na jiwe ndilo linalobanduka. Chokaa si kitu cha kuagiza Ulaya. Mawe ya chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, yamechomwa tangu wakati wa wakoloni. Fundi akitaka atapata chokaa na mchanga safi hapa hapa, na gharama haitamshinda.

Kosa la tatu ni vyuma. Jiwe lililovunjika vipande viwili linaunganishwa kwa kipande cha ferabeto kilichobaki kwenye shantie. Chuma hicho kinashika kutu, kutu inakuwa nene kuliko chuma chenyewe, na baada ya misimu michache ya mvua jiwe linapasuka tena, safari hii vipande vinne. Bamba nyingi za beto za miaka ya 1950 zimepasuka kwa sababu hiyo hiyo, kwa vyuma vilivyowekwa karibu mno na uso. Kama lazima kuunganisha, itumike inoksi, nyembamba. Lakini mara nyingi hata haihitajiki. Jiwe lililoanguka zima linaweza kusimamishwa tena kwenye shimo lenye changarawe iliyoshindiliwa, bila beto, na litasimama.

Karo, sasa. Inafaa kusema wazi kwamba karo si dhambi. Kaburi la mama aliyekufa mwaka jana, familia ikipenda karo, iweke karo, hata za rangi ya waridi. Tatizo ni kuzibandika juu ya kaburi la zamani. Zinaficha maandishi, zinafunga maji chini yake, na hazidumu: joto la Oktoba na mvua ya Desemba vinazibandua moja moja. Makaburi yamejaa karo zilizoning'inia za watu waliotengenezewa kaburi miaka michache tu iliyopita, pembeni mwa mawe ya miaka sabini ambayo hayajasogea.

Watu wanaolaumu shangazi wana hoja zao, na baadhi ni za kweli. Ya kwanza ni ya pesa. Kuna watoto waliofukuzwa shuleni kwa sababu ya minerval, kuna mgonjwa anayesubiri dawa, na mtu anazungumza habari za jiwe? Jibu ni kwamba njia ya shangazi ndiyo rahisi. Maji, burashi, changarawe, ndoo ya chokaa, siku mbili za fundi mwangalifu. Beto, karo na kibao chenye picha ndivyo vinavyokula pesa za ng'ambo. Kama familia inataka kweli kuwakumbuka wazima, isafishe jiwe na ibakize pesa kwa ajili ya shule.

Ya pili inatoka kwenye makanisa fulani ya uamsho, ambako wahubiri wanasema kushughulika na makaburi ni kuabudu wafu. Mkristo anayesafisha jina la babu yake haabudu kitu, sawa na anayefuta vumbi kwenye picha ya harusi ya wazazi. Biblia yenyewe ina kurasa nyingi za majina ya wazee na nani alizikwa wapi. Hoja hiyo haistahili muda zaidi.

Ya tatu ni wezi, na hii ni ngumu. Misalaba ya chuma, minyororo, vibao vya shaba, vyote vinang'olewa usiku na kuuzwa kwa wanunuzi wa mitraye. Familia zinasema karo na beto nzito haziibiwi. Ni kweli kwamba chuma hakifai kurudishwa kwenye makaburi ya mji huu kwa sasa. Afadhali msalaba wa mti mgumu au wa jiwe. Lakini jiwe la zamani lenye maandishi haliuziki popote kama mitraye. Mwizi hana faida nalo. Anayelivunja ni familia.

Kuna pia kaburi ambalo kweli limekwisha: jiwe limekuwa unga, herufi hazionekani hata jua la asubuhi likilipiga kwa pembeni, hata mtu akisaidia kwa kioo kuelekeza mwanga. Hapo kuweka jiwe jipya ni haki. Lakini vipande vya zamani vizikwe pale pale chini ya jipya, na jipya lirudie maneno yale yale, pamoja na makosa yake ya herufi. Familia ikitaka kuongeza jina la leo, au majina ya watoto na wajukuu, au picha, kuna njia ambayo haimuumizi mtu: kibao kidogo cha pili, kilichowekwa chini mbele ya miguu, mbali na jiwe la mzee. Wajukuu wa Kenya wangekubali hilo siku ya kwanza, kama kuna mtu angewaambia. Masoni hakuwaambia kwa sababu analipwa kwa mita ya karo.

Na serikali? Makaburi ya zamani ya mji yamejaa. Watu wanazikwa juu ya watu. Kuna familia zilizofika tarehe 1 Agosti zikakuta mgeni amezikwa juu ya baba yao, na kila anayeulizwa anaonyesha mwingine. Haitoshi kutangaza kwenye redio kwamba makaburi fulani yamefungwa. Ofisi ya meya ingeweza kufanya jambo dogo lisilohitaji wafadhili: kukataza kuvunja jiwe lolote la kabla ya 1960 bila picha yake kupigwa kwanza na kuwekwa kwenye daftari, pamoja na jina la aliyeomba kulivunja. Kutoza kitu kwa ajili ya kuvunja, na kutotoza chochote kwa ajili ya kusafisha. Leo kwenye lango hakuna anayetofautisha kazi hizo mbili, na mlinzi anapokea kitu kidogo kwa zote.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinajua kazi ya namna hii. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na makumbusho ya mji, umekusanya masimulizi ya wafanyakazi, vyombo vyao vya nyumbani, picha za ukutani, nyimbo. Wanafunzi waliokwenda kuuliza bibi za kambini kuhusu sufuria na baiskeli wanaweza kwenda makaburini wakiwa na simu na daftari, mstari kwa mstari, wakati wa kiangazi ambapo nyasi ni fupi. Waandike kila jina, mwaka, lugha, mahali. Waanzie upande wa watu weusi, kwa sababu upande wa wazungu familia za Ulaya na balozi zao zimekwisha kuuliza habari zake. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma, hapa hapa mjini, kwenye uwanja wa mpira, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Majina yenye mwezi huo na mwaka huo yakikutwa kwenye mawe, yatasaidia kuliko mabishano mengine mengi. Lakini lazima mawe yawe bado yapo siku wanafunzi watakapofika.

Halafu kuna swali la nani anaamua ndani ya familia. Kwenye kikao cha familia ile walizungumza wanaume watano na simu moja ya Ulaya iliyowekwa juu ya meza. Shangazi aliitwa mwishoni, kuarifiwa. Ndiye aliyekata nyasi kwenye kaburi lile kila mwaka, hata ule mwaka wa 1993 ambapo kwenda pale na jina lile ilikuwa hatari, na alikwenda akiwa amefunga kitambaa kama mama wa kuuza mboga, jembe ndani ya kikapu chini ya lengalenga. Aliyetuma pesa ana sauti, bila shaka. Lakini aliyetunza ana sauti iliyotangulia, na kikao kinachomwita mwishoni kimeanza vibaya hata kabla masoni hajafika.

Kazi imesimama kwa sasa. Masoni alikuwa amekwisha kuvunja kona moja ya kibao na nusu ya ukingo wa bamba wakati shangazi alipofika na kukaa juu ya kaburi, akakataa kuondoka. Mstari wa mwisho, ule uliobanwa, umepoteza herufi tatu. Vipande vimekusanywa vyote, viko ndani ya gunia la simenti chini ya kitanda chake, na mjukuu mmoja wa kike amekwisha kupiga picha za kila upande na kuzituma Ulaya, pamoja na swali kuhusu bei ya chokaa. Jibu halijafika. Mvua zitaanza baada ya wiki chache, na kibao bado kimeegemezwa kwenye mti, uso ukiwa juu. Ingefaa kwanza wakigeuze.